Upinde Usioumiza Meno

Juzi daktari wa meno alinipa kipande cha mpira, akaniambia, "Uma hapo, mama, usiachie." Nikauma. Mpira wenyewe haukuwa na ladha yoyote, lakini mdomo wangu ulijaa ladha ya ngozi kuukuu iliyopakwa samli, na chumvi kidogo, na jasho la mtu mzima. Machozi yakanitoka. Yule kijana akadhani ameniumiza, akaanza kuniomba radhi, nami nikamwacha aombe. Ningemwelezaje? Alizaliwa sisi tukiwa tumeshasahau, au tumeshajizoeza kusema tumesahau.

Ladha ile ni ya upinde wa Baba Mkubwa. Niliuuma siku moja alipokuwa ameenda kuoga, nikataka kujua mtu anavutaje upinde kwa meno. Nilipata maumivu ya taya yaliyonikosesha chakula cha jioni, na sikumwambia mtu.

Nyinyi wenzangu mliokuwa watoto Kampala wakati wa utawala wa jeshi mtanielewa upesi. Mnajua jinsi ua mzima ulivyonyamaza gari likipunguza mwendo barabarani. Mnajua sukari ya magendo iliyofichwa chini ya kitanda, na sabuni iliyokatwa vipande vidogo kama vya dawa. Mnajua pia kwamba mtu alichukuliwa tu, na hakuna aliyeuliza amechukuliwa na nani.

Tulikaa Kisugu, katika vyumba vya mstari vilivyoezekwa mabati, vinavyotazamana na ua mwembamba ambao maji ya kufulia hayakukauka kamwe. Sisi ni watu wa Arua, mbali kaskazini magharibi. Baba alikuja mjini akiwa kijana, akapata kazi ya udereva polisi, na alijivunia sare yake mpaka mama akawa anamtania kwamba siku moja atalala nayo. Asubuhi moja alikwenda kazini kwa baiskeli. Jioni baiskeli ilirudi bila yeye. Ililetwa na mwenzake wa kazini, mtu ambaye siku zote hakupita kwetu bila kudai chai. Siku hiyo aliiegemeza ukutani, akamtazama mama, akatazama chini, akaenda zake. Hata salamu hakutoa. Mama aliifuta vumbi ile baiskeli taratibu, tairi kwa tairi, akaiingiza ndani, na tangu siku hiyo tukawa tunaizunguka ili kufika kitandani.

Mama alimtafuta mumewe kila mahali. Alikwenda kituoni, akaenda hospitali, akaenda mpaka Luzira kwenye gereza, huku mdogo wangu Asea yuko mgongoni, akarudi miguu imevimba. Kote walimwambia hawamjui mtu wa jina hilo. Mimi niliambiwa baba amesafiri. Nikaamini, kwa sababu nilikuwa katika umri wa kumwamini yeyote anayenipikia.

Ndipo akaja Baba Mkubwa. Alishuka kwenye lori la tumbaku akiwa na gunia moja na kitu kirefu kilichofungwa kwenye mkeka. Yeye na baba walikuwa wawili tu, tumbo moja, na yeye ndiye mkubwa. Mkono wake wa kulia uliliwa na mashine ya kuchambua pamba kabla sijazaliwa, ukabaki mkono wa shati unaoning'inia. Nilikuwa nikiukodolea macho, na yeye akanifuma nikiukodolea.

"Natafuta mkono yangu?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha lori, kile cha 'na' kwa kila mtu na kila kitu. "Iko Arua. Nachunga mbuzi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kucheka katika chumba kile tangu baiskeli irudi, na mama alitoka nje haraka akijifanya anakwenda kutazama makaa ya sigiri.

Ndani ya mkeka mlikuwa na upinde. Ulikuwa wa babu yetu, mfupi, mnene, mweusi kwa moshi na mafuta. Watu wa kwetu walisema Baba Mkubwa, enzi za mikono miwili, alikuwa anampiga ndege kanga anayekimbia. Sasa alikuwa amejishonea kipande cha ngozi kutoka kwenye kiatu cha zamani, akakifunga katikati ya kamba ya upinde. Aliketi juu ya kigoda mlangoni, upinde umelala mapajani, akapachika mshale kwa mkono wake mmoja, akainama, akaiuma ngozi kwa magego ya upande wa kulia. Kisha akausukuma upinde mbele kwa mkono wa kushoto. Alivuta kwa kusukuma, mkiweza kuielewa hiyo. Kichwa kinabaki mahali pake, mkono ndio unaokwenda.

Ule upinde wa babu ulianza vizuri, lakini ulipokaribia kufika mwisho ukawa mgumu ghafla, kama mlango uliokwama. Baba Mkubwa aliguna, akauachia, akatema mate. Mate yalikuwa na damu.

"Hii iko ya mtu na mikono," alisema. "Mkono ikichoka natetemeka tu. Meno ikichoka natoka." Akanionyesha jino linalocheza, akalisukuma kwa ulimi ili nicheke tena.

Akatengeneza wa pili kwa mwanzi. Ulikuwa mwepesi na ulipinda kwa urahisi, lakini ulipoachiwa ulirusha kamba kwa kishindo kilichompiga mdomoni, na siku ya tatu ukapasuka. Alikuwa haukasirikii upinde hata kidogo. Aliupapasa kama fundi nguo anavyopapasa kitambaa, akasema alichokuwa anakitaka ni mti mrefu, mrefu kumpita yeye mwenyewe, wenye mbavu pana zisizo nene, kwa sababu upinde mrefu haushangazwi na mvuto. Ule mfupi unapindishwa mpaka mwisho wa uwezo wake, na hapo ndipo unapogoma. Mrefu unapinda kidogo tu kila mahali, na uzito wake unakuja polepole, sawasawa, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Mti huo tuliletewa na jirani yetu Nnalongo, mama wa mapacha, Muganda mwenye sauti ya kuamsha kilima. Kaka yake alikuja na mzigo wa kuni kutoka kijijini, na katikati ya kuni mlikuwa na gogo moja jembamba la mkole. Nnalongo aliliingiza kwetu mwenyewe, limefunikwa kwa khanga.

"Mama Asea," alinong'ona, na kwake kunong'ona kulikuwa kazi ngumu, "hiyo kitu itareta matatizo. Mimi nimereta, rakini sijareta. Umesikia, nnyabo?"

Mti ulikaa juu ya sigiri mpaka ukakauka, na nguo zetu zote zikanuka moshi wake. Halafu Baba Mkubwa akaanza kuukwangua kwa kigae cha chupa, ameubana kwa magoti. Kila asubuhi jua lilipoingia uani alifunga kamba ndefu ya majaribio, akaikanyaga, akauinua upinde, na macho yake yakawa ukutani. Alikuwa anatazama kivuli. Kivuli kilimwonyesha ni wapi mti unapinda na ni wapi unakaidi, na palipokaidi alikwangua tena, kidogo sana, unga mwepesi ukimwangukia miguuni. Ningeweza kumtazama siku nzima. Nadhani nilimtazama siku nzima.

Sasa niwaambie nilichokuwa ninakiwaza. Upinde na mishale mimi niliijua kwa jambo moja tu, arusi. Mama yangu mdogo alipoolewa, watu wa upande wa bwana walileta ng'ombe, wakaleta mbuzi, wakaleta na fungu la mishale, kwani kwetu mahari bila mishale ni kama haijatolewa. Basi nikaunganisha mambo kichwani mwangu. Baba Mkubwa hana mke. Baba Mkubwa anatengeneza upinde na mishale. Kwa hiyo Baba Mkubwa anaoa, na baba amesafiri kwa ajili ya mambo hayo hayo, na siku ya sherehe atarudi akiwa amevaa sare. Nilijiona mjanja kwa kuligundua hilo bila kuambiwa. Nikaanza kumdekea mama anishonee gauni.

Ukweli niliujua nilipokuwa mtu mzima, na ulikuwa hivi. Kwetu mwanamume akifa, ndugu yake wa tumbo moja husimama mlangoni kwa marehemu na kupiga mshale kuelekea nyumbani walikozaliwa. Haupigwi na mtu mwingine. Na lazima upinde uvutwe sawasawa, mshale uende mbali, kwa kuwa mshale unaoanguka miguuni mwa mpigaji unamwacha marehemu njiani, hayuko huku wala kule. Kwa kawaida kuna ngoma, kuna vilio, ukoo mzima unakimbia na kurudi. Kampala ya wakati ule, kulia msiba wa mtu aliyechukuliwa ilikuwa sawa na kusema hadharani ni nani aliyemuua. Lakini mshale hauna kelele. Hicho ndicho Baba Mkubwa alichokuja kukifanya. Alikuja kumzika mdogo wake bila maiti, bila sauti, kwa meno yake.

Na mke lazima akubali. Mke ndiye anayeupa upinde kamba, kisha anamkabidhi shemeji yake.

Ule wa babu mama aliutia kamba bila neno. Ule wa mwanzi pia aliutia. Niliwahi hata kumwona akitabasamu kamba ya huo wa mwanzi iliporuka na kumgonga Baba Mkubwa mdomoni. Lakini siku ule wa mkole ulipokuwa tayari, mrefu, wa rangi ya chai, umepakwa samli ukang'aa, Baba Mkubwa alipoivuta ile kamba ya majaribio kwa meno, upinde ukapinda wote kwa pamoja, kimya, na taya lake halikutikisika. Aliuachia akatabasamu. "Hii ndiyo," alisema. "Nakuja pole kama usingizi." Akamgeukia mama na kumwambia kwa lugha ya kwetu, "Utie kamba, Mama Asea."

Mama alikuwa akikunja nepi. Hakuinua macho.

"Sitii."

"Mama Asea."

"Nimesema sitii, Baba Mkubwa. Utanisamehe. Mume wangu hajafa. Nani amekuambia amekufa? Umemwona? Mimi sijamwona." Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, na nepi ile ile akaikunja mara ya pili. "Upinde huo ulikuwa unakutoa damu, nikasema sawa, mwache ahangaike. Sasa haukuumizi. Sasa utapiga kweli. Sitii."

Mimi niliyasikia hayo nikiwa chini ya meza, na lugha ya kwetu nilikuwa naishika nusu nusu. Nilichoambulia ni kwamba mama anakataa arusi. Nilimkasirikia. Nilimwona mchoyo, hataki Baba Mkubwa apate mke wa kumpikia, kisa anataka aendelee kutubebea maji.

Baba Mkubwa hakumshurutisha. Aliupandisha upinde darini, akakaa akangoja. Mambo yangeendelea hivyo sijui mpaka lini, kama si jamaa wa chumba cha mwisho.

Huyu alihamia baada ya baba kuchukuliwa. Hakuna aliyejua anafanya kazi gani, maana yake kila mtu alijua. Alivaa miwani myeusi, shati la maua na viatu vya soli nene, na gari lake lililala uani likiziba njia ya choo, na hakuna aliyethubutu kusema. Watoto alitupenda. Alikuwa anatugawia biskuti, na mama zetu walikuwa wakitabasamu na kusema asante huku shingo zimekakamaa.

Mchana mmoja alikuja mpaka mlangoni kwetu. Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage, Baba Mkubwa yuko kwenye kigoda, na upinde kwa bahati mbaya ulikuwa umeshushwa upakwe samli. Yule jamaa aliongea Kiswahili cha watu wa kaskazini, kile kile cha Baba Mkubwa. Ndipo nilipojua kwamba ni mtu wa kwetu.

"Mzee, hii kitu ya nini?"

"Ya mahari, afande."

"Mahari?" Akanigeukia mimi, akanishika kidevu. "Binti kwa hii nyumba iko huyu tu. Nani nataka kuoa huyu?"

"Hapana, afande. Ni mimi nataka kuoa. Mimi iko mzee, lakini bado."

Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kumbe nilikuwa nimelijua jambo lenyewe! Yule jamaa alicheka sana. Akauokota upinde, akaukunja kwa goti, akavalisha kamba kwa mara moja, kama mtu aliyekua na pinde. Akauvuta. Akaurudisha polepole, akauvuta tena, na kicheko chake kikawa kinapungua kila ulivyovutika.

"Upinde ya mahari hakuna mtu napiga," alisema. "Nafungwa tu pamoja na mishale, wakwe natia darini, naisha. Inaweza kuwa ngumu kama chuma, nani najali? Lakini hii iko laini. Hii mtu metengeneza kwa kupiga." Akaitazama ile ngozi kwenye kamba, yenye alama za meno. Akautazama mkono wa shati wa Baba Mkubwa unaoning'inia.

Maharage yalikuwa yametulia kwenye ungo. Nnalongo, ng'ambo ya ua, aliacha kutwanga karanga.

"Sikiliza, mzee. Hapa hakuna matanga. Mimi nikisikia kilio kwa hii nyumba, narudi. Na sirudi peke yangu." Aliifungua kamba, akauangusha upinde chini, akanipa biskuti. Niliila pale pale, nikailamba na karatasi yake.

Alipoingia chumbani mwake, mama alibaki ameutazama ungo. Halafu akasema kwa lugha ya kwetu, pole pole, "Amesema matanga."

"Amesema," Baba Mkubwa alijibu.

"Wewe ulisema mahari."

"Nilisema mahari."

"Hakuna mtu aliyetaja kifo hapa."

"Hakuna."

Mama akaanza tena kuchambua maharage. Alichambua mpaka akamaliza, akayapika, akatupakulia, na yeye hakula. Mama yangu alimtafuta mumewe katika kila ofisi ya mji huu, na kote walimfukuza bila jibu. Jibu lilikuja lenyewe mpaka kizingitini, na mwenye kulileta hakujua amelileta.

Siku iliyofuata mvua ilinyesha baada ya chakula cha mchana, mvua ile ya Kampala isiyobisha hodi. Ilipiga mabati hata ukaribiane na mtu uso kwa uso humsikii. Ua ukabaki mtupu. Gari la yule jamaa lilikuwapo, na mlango wake ulikuwa umefungwa.

Mama alimfungua Asea mgongoni, akamlaza kitandani. Akaushusha upinde. Aliuweka mguuni, akaukunja kwa nguvu zake zote, shingo imemtoka mishipa, akavalisha kamba. Kisha akapiga magoti, akampa shemeji yake kwa mikono miwili. Baba Mkubwa aliupokea. Aliketi kwenye kigoda mlangoni, akaulaza mapajani, akapachika mshale, akaiuma ngozi, akageuza uso kuelekea kaskazini magharibi, huko bondeni kwenye mafunjo na ng'ambo yake.

Akausukuma. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake na nililiona taya lake. Halikutikisika hata chembe. Upinde ulijikunja wote, pole pole, ukafika mwisho, ukakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyowahi kuuona ukikaa. Kisha akafumbua kinywa. Mshale ulipita juu ya paa la vyoo, ukapanda, ukaingia kwenye mvua, usionekane tena.

Nilijua sherehe imeanza. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikapiga vigelegele.

Baba Mkubwa aligeuka kunitazama, na sitasahau uso ule. Mama aliteleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, mkono umeziba mdomo, na nyuma ya mkono ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nikaogopa, nikanyamaza. Hapo mlango wa chumba cha mwisho ukafunguka. Yule jamaa alisimama pale bila miwani, akitutazama kupitia mvua, amekunja uso kama mtu anayejaribu kusikia vizuri.

Nnalongo alikuwa mlangoni kwake, ametega beseni chini ya paa. Alimtazama yule jamaa. Akatutazama sisi. Kisha akaweka mkono mdomoni, akapiga vigelegele kwa ile sauti yake ya kuamsha kilima, akapaza, "Mahari! Bannange, mzee naoa!"

Mama alinishika mkono, akanivuta kwake kwa nguvu mpaka nikaangukia kifuani pake. Mdomo wake ulikuwa sikioni mwangu, wa moto, umelowa.

"Endelea," alisema. "Usinyamaze, mwanangu. Endelea."

Nikaendelea. Nilipiga vigelegele kwa furaha yangu yote, na mama, akiwa amenikumbatia, akamlilia mumewe kwa sauti.